Jumamosi za Piko

Fundi cherehani wa sare za shule, ambaye wazazi walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo zake hazikufumuka, aliota mvi mapema. Mumewe, mtunza stoo ya mbao, zake zilichelewa, ila zilipokuja zilikuja kwa fujo. Basi kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi alasiri, walitoa viti uani, wakakoroga piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Jumamosi hii kichwa cha mke, ijayo cha mume. Mbele mtu alijipaka mwenyewe kwa kioo, kisogo akamwachia mwenzake. Hapo ndipo walipoteta ya wiki nzima, wakacheka mpaka piko ikawachuruzikia masikioni.

Siku moja mume akasema, "Mke wangu, tunamdanganya nani? Tuache. Tuzeeke hadharani."

Mama Pindo nusura alie kwa furaha. Alijiona mke aliyependwa pamoja na mvi zake.

Kwa mwanamume kazi ilikuwa rahisi. Alinyoa upara siku ile ile. Mke nywele zilimfika mabegani, na kuzikata hakutaka. Msusi alimwonya kwamba piko ya miaka yote hiyo haitoki kwa kubembelezwa. Blichi ya kwanza iliziacha na rangi ya kutu, ya pili ya chungwa bovu, ya tatu ya manjano. Saa sita nzima alikaa kwenye kiti, ngozi ya kichwa ikimwaka, machozi yakimtoka, na bado akatania, "Shoga, ukinitoa upara nahamia kwako." Mwisho alipakwa dawa ya kuua umanjano, nywele zikawa za kijivu, laini, zake mwenyewe. Akajitazama kiooni na, tusifichane, alijipenda.

Mume alisifu. Alisifu mno, kusema kweli. Kisha zikaanza safari za stoo, kila Jumamosi alasiri, eti mzigo umeingia.

Mwezi wa pili akarudi na kichwa cheusi tii.

"Nisamehe," alisema kabla hajaulizwa. "Meneja ananiangalia kama mtu wa kustaafu. Nimejipaka mwenyewe, kwenye kioo cha choo cha stoo."

Ilimuuma Mama Pindo. Yeye alikwisha kuungua kichwa, hana pa kurudi, na mwenzake ameruka ahadi bila hata kumwambia. Lakini kazi ni kazi, akayameza.

Wiki hiyo alitaka kumshonea shati. Akamsimamisha karibu na cherehani, akapita nyuma na futi yake kumpima mabega, mkono ukasita. Kisogo kilikuwa kimepakwa kwa ustadi, mstari umenyooka, nyuma ya masikio hakuna hata tone lililogusa ngozi.

"Baba watoto, nani amekupaka huku nyuma?"

"Kinyozi."

"Juzi ulisema umejipaka mwenyewe."

Mume hakugeuka. Alikohoa, akashika kifungo, akakiachia.

"Ni nani?"

"Humjui," akasema. Halafu, kama mtu anayelalamikia mvua, akaongeza, "Na wewe Jumamosi ulikuwa hunipi hata nafasi ya kutoka."

Mama Pindo akaelewa. Kwa hiyo haikuwa piko iliyomchosha mwanamume huyu. Alitaka alasiri yake, akaitafutia maneno matamu, na yeye mjinga akaenda kuchomwa kichwa saa sita huku akimshukuru Mungu kwa mume mkweli. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira palikuwa na aibu, maana alikuwa amewasimulia wateja wote jinsi walivyokubaliana.

Akaivuta futi kutoka mabegani mwa mumewe, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Basi na shati," alisema, "ukapimwe huko huko."