Daftari Nililolikalia

Nyinyi watoto mnaosoma hii, mimi shule niliachia darasa la tatu. Nimechoka, lakini hili nitasema.

Mjukuu wangu alikuwa kidato cha nne. Likizo nzima alinakili noti za hesabu kwa kalamu nyekundu na ya bluu, rula mkononi, nami nikamsifu sokoni Matayos. Kisha akaleta matokeo ya moku, ule mtihani wa majaribio. Hesabu alianguka vibaya, na mtihani wenyewe umebaki miezi miwili.

“Lete hilo daftari,” nikamwambia. Nikalikalia. “Sasa fanya moja.”

“Kukhu, bila kuangalia?” akaniuliza mimi nyanya yake.

“Kwani kwa mtihani utaingia nalo?”

Karatasi nyingine hatukuwa nayo. Akachukua kaa la moto uliozimika, akaandika kwenye ukuta wa jikoni, akakwama mstari wa pili. Noti zilikuwa safi, lakini zilikaa daftarini, kichwani hazikufika. Nikainuka na magoti yangu haya, akachungulia pale tu alipokwama, nikakaa tena. Jioni ngapi tulifanya hivyo! Baadaye akawa anaandika pembeni mwa daftari noti za yale tu yanayomkwamisha, na hizo ndizo zilizomsaidia.

Ukuta ukawa mweusi. Binti zangu wakaja na udongo wa kuusiriba, maana wageni wa posa ya mdogo wao walikuwa njiani.

“Rudisheni huo udongo,” nikawaambia. “Ukuta huu haupakwi kitu mpaka mtoto amalize mtihani. Wageni watakula wakiangalia hesabu.”