Fuko wa Jumapili

Nilipohamia Kawangware nilikuwa mtu wa mjengo. Asubuhi nilisimama kando ya barabara na wenzangu tukingoja kuitwa, nikiitwa nabeba mawe na kukoroga zege, jioni narudi nimejaa simiti mpaka kwenye kope. Chumba nilichopanga kilikuwa cha mwisho kabisa katika ploti ya mama mmoja mjane, mwenyeji wa hapo tangu Kawangware ikiwa mashamba. Sehemu kubwa ya ardhi aliyoachiwa na mumewe ilikuwa imejengwa vyumba vya mabati, lakini nyuma ya vyoo vya wapangaji alikuwa amejibakizia kipande kinachoteremka hadi kwenye kijito, na hapo alipanda viazi vitamu na nduma. Wapangaji wote tulimwita shosho, kana kwamba ni bibi yetu sote.

Shosho alikuwa na adui mmoja duniani, na huyo alikuwa fuko. Aliweza kung'oa shina la kiazi lililositawi vizuri juu, akakuta kiazi chenyewe kimeliwa kutoka chini, ganda tu limebaki. Siku moja nilimsikia akimlaani fuko kwa Kikuyu, nikamwambia kwamba kwetu, upande wa ziwa, babu yangu alinifundisha kumwinda, na kwamba nikipata nafasi Jumapili naweza kujaribu. Aliniangalia kama anayepima kama nataka fuko au nataka viazi.

Kuwinda fuko si kazi ya nguvu. Fuko hapendi upepo uingie kwake. Ukifukua njia yake ukaiacha wazi, lazima atakuja kuiziba, ila hatakuja kwa haraka. Unachomeka jani moja la nyasi ndani ya tundu, lisimame. Kisha unakaa nyuma na jembe, kivuli chako kisianguke mbele, na unangoja. Anapokuja anasukuma udongo kwa uso, na kabla hujamwona yeye utaona jani likitikisika. Hapo unashusha jembe nyuma yake, umkatie njia ya kurudi.

Jumapili ya kwanza shosho alikuja na kigoda chake ili anichunge. Aliongea bila kupumzika, na fuko hakuja. Jumapili ya pili nilimwomba anyamaze. Alikunja mikono juu ya leso yake, akanyamaza kama mtu aliyekasirika, na kwa muda mrefu tuliangalia jani lile wawili. Jani lilipotikisika, shosho alinishika begani kwa vidole vyenye nguvu sana. Nilishusha jembe. Nilipomtoa fuko, amejaa udongo usoni, meno yake ya njano yako nje, shosho alicheka mpaka akalazimika kukaa tena.

Kuanzia hapo tulikaa pale kila Jumapili. Alitoka kanisani na kitambaa chake cha kichwa hajakifungua, akaja na chupa ya chai na vikombe viwili, chai ya kunywa tukimaliza. Upande mmoja tulisikia spika za makanisa, upande mwingine muziki wa kinyozi, watoto wakipiga kelele kijitoni, na sisi tukiangalia jani la nyasi. Sijui nieleze vipi raha ya jambo hilo. Mtu wa mjengo hapewi nafasi ya kukaa kimya na akili yake ikiwa macho. Pale kelele za mtaa zilirudi nyuma polepole, ikabaki ngozi ya ardhi tu, na kitu kinachokuja chini yake.

Kwa Kikuyu fuko anaitwa huko. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka, maana kwangu huko ni mahali tu, mahali ambapo mimi sipo. Shosho naye akalifanya mchezo. Akiona mimi nimechoka kungoja, alininong'oneza, "Huko anakuja kutoka huko." Mara moja tu ndiyo aliniambia kitu kuhusu yeye mwenyewe. Alisema tangu mumewe aondoke, watu humwingilia nyumbani kumfariji, na hawana mwisho. "Hapa ndio mahali pekee hakuna mtu ananipea pole," akasema.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi. Aliwasimulia watu wa kanisa lake, na mmoja wao alifanya kazi kwenye nyumba za ng'ambo ya barabara kubwa, nyumba zenye nyasi zilizokatwa sawasawa, ambako fuko mmoja akiinua vichuguu ni kama nyumba imeingiliwa na mwizi. Nikaitwa. Siku ya kwanza nilifanya nilivyojua, nikachomeka jani, nikakaa. Mwenye nyumba alinitazama kupitia dirishani, kisha akamtuma mfanyakazi wake aje aniulize kama nimeanza kazi.

Nikaelewa kwamba hapo hawanunui kungoja. Nikajifunza mitego ya waya, halafu nikajifunza vidonge, vile unavyotumbukiza ndani ya tundu, ukafunika kwa udongo, ukakanyaga, na hewa mbaya ikatembea yenyewe huko chini. Simu zilianza kuja. Niliacha mjengo. Mke wangu na watoto wakaja kutoka nyumbani tukakaa pamoja, watoto wakaingia shule ya karibu. Sitaki kuidharau kazi ile, imetulisha. Wenzangu wa mjengo waliniambia mimi nimebarikiwa, kulipwa kwa kitu ambacho ningekifanya bure, na mimi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda nikasema hivyo hivyo.

Lakini niliacha kuwaona fuko. Kidonge kikiingia, mambo mengine yote hufanyika gizani. Nilikanyaga udongo nikaenda tundu jingine, nyumba nyingine, na jioni nikinawa mikono sikuwa nimeona mnyama hata mmoja, ingawa nilijua nimeua wengi. Mwanzoni hilo liliniletea nafuu. Baadaye nilianza kuhisi, nikiwa natembea kwenye zile nyasi, kwamba chini kuna watu wamelala, na mimi ndiye niliyewafungia mlango.

Jumapili bado nilikwenda kwa shosho. Nilikaa kwenye kopo langu tupu la rangi, naye kwenye kigoda chake, ila mguu wangu haukutulia. Nilitazama simu. Nilitazama tundu nikiona jinsi ambavyo ningelimaliza upesi. Siku moja upepo ulipita, jani likainama, na mimi nikashusha jembe kwenye upepo. Tundu lote likabomoka. Babu yangu angenicheka. Shosho hakucheka. Alisema polepole, bila hasira, "Siku hizi unakuja kama mtu ameitwa kazi."

Nilimwambia, ili kurekebisha mambo, kwamba naweza kumwekea dawa bure, shamba lote likaisha siku hiyo hiyo. Alinigeukia.

"Na ukiweka hiyo dawa, mimi nitakuja hapa kufanya nini?"

Nikashika jembe nikafukua njia upya. Kisha wateja wakaanza kutaka Jumapili, kwa sababu ndiyo siku wanayokuwa nyumbani, na nikaanza kumvunjia shosho miadi, moja, nyingine, hadi hatukuwa na miadi tena. Nikitoka na begi langu la mitego nilimwona kule chini ameketi peke yake, mgongo umenigeukia, jembe amelilaza magotini. Alikuwa amejifunza vizuri. Mara nyingine alimleta fuko mlangoni kwetu akimning'iniza, akamwonyesha mke wangu, akamwambia anisalimie.

Jumapili moja viazi vikiwa vimekomaa nilirudi mapema, mteja hakuwepo. Jua lilikuwa bado juu. Nilipopita nilimwona shosho mahali pake, na sikumwita, maana mtu aliye kwenye tundu haitwi. Niliingia, nikaoga, nikala. Mke wangu akaniambia shosho hajaonekana tangu atoke kanisani, hata nguo zake bado ziko kwenye kamba. Nikateremka kumwona.

Nilisimama nyuma yake. Kwa mazoea nilisimama upande ambao kivuli changu hakingefika mbele, nikangoja naye. Hilo ndilo jambo ambalo bado linanirudia, kwamba nilingoja naye. Nilisimama hapo kitambo, moyo ukatulia kama zamani, nikafurahi kwamba nimerudi. Kisha nzi alitua mkononi mwake, akatembea juu ya vidole hadi kwenye kifundo, na shosho akamwacha. Nikazunguka mbele. Macho yake yalikuwa wazi yakiangalia tundu. Alikuwa amekwisha kufa.

Na tundu lilikuwa limezibwa. Udongo mbichi, mweusi, umeshindiliwa vizuri, bado una unyevu. Jani la nyasi lilikuwa limelala pembeni.

Watu walikuja, mwanawe akaja kutoka anakoishi, daktari akasema ni moyo. Hakuna aliyeuliza habari za tundu. Nilimwambia mke wangu peke yake, naye akasema, na sasa kuna tofauti gani? Sikuweza kumweleza. Kama fuko alikuja shosho akiwa hai, basi aliliona jani likitikisika na akauacha mkono wake upumzike. Kama alikuja baadaye, basi alifanya kazi yake yote, akasukuma, akashindilia, mbele ya macho yale. Nimejaribu kuamini moja, nikashindwa. Siku nyingine naamini zote mbili.

Baada ya mazishi yule mwanawe alinijia. Alikuwa mtu mzima kunipita kidogo, mwenye biashara zake, na alikuwa amesikia kwa mke wangu kwamba mamake alikufa akiwinda. Tulisimama juu ya shamba tukiangalia vichuguu vipya vilivyokuwa vikiinuka katikati ya viazi.

"Hiyo kitu ilikuwa hapo mamangu akienda," akasema. "Sitaki kuiona ikichimba tena. Itoe. Niambie tu unataka ngapi."

Nilimwambia sitaki kitu. Na nilikataa kutumia kidonge. Nilikwenda Jumapili, nikafukua njia, nikachomeka jani, nikakaa kwenye kigoda cha shosho. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua. Nilikusudia nimwache aje, azibe, aende zake, kisha nimwambie mwanawe kwamba amehama. Nilikaa na uamuzi huo moyoni, nao ulinipa amani, hata kelele za mtaa zikaanza kurudi nyuma kama zamani.

Jani likatikisika. Mkono wangu ukashuka.

Sikuuamuru. Niliusikia mpini ukitetema viganjani kabla sijajua nimepiga. Alikuwa fuko mkubwa, mzee, masharubu yameshikamana kwa udongo, na nilipomwinua nilingoja furaha ije, na kama si furaha basi majuto. Hakuna kilichokuja. Nilichokuwa nikifikiria ni tundu linalofuata liko wapi. Nikampeleka kwa mwanawe shosho. Alimtazama kwa muda, jinsi alivyokuwa mdogo kwenye kiganja changu baada ya maneno yote yale.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii tu."

Haukupita muda mrefu ploti ikabomolewa ili ijengwe ghorofa, tukahama. Mke wangu alitaka tutafute chumba papo hapo Kawangware, karibu na shule. Mimi nilisema Gatwekera, kwenye mabanda yaliyosongamana. Sikumwambia sababu, lakini nilikuwa nimetembea kule nikaitazama ardhi yake: imekanyagwa na watu miaka mingi, ni majivu na nailoni na matope yaliyokauka, haina mzizi wa kitu. Hakuna fuko anayeweza kuishi hapo. Tukapata chumba cha udongo na mabati, tukatandika kapeti ya plastiki.

Nilihisi kusukumwa tangu wiki ya kwanza. Si sauti hasa. Ni uzito unaokuja chini ya kapeti, unasimama, unakuja tena. Mke wangu anasema ni panya. Panya hukimbia, mimi namjua panya. Huyu hakimbii. Nikiweka kiganja sakafuni anatulia, kama anayengoja niondoe kivuli changu.

Kazi bado naifanya. Majuzi nilikuwa kwenye nyumba moja yenye bustani, na mwenye nyumba, mama kijana anayefanya kazi benki, alitoka akasimama karibu nami. Alisema kila mwisho wa wiki yeye hupanda milima ya Ngong na kikundi chao, na kwamba hakuna mahali anapojisikia mzima kama kule juu. Sasa anafikiria kuacha benki, awe anawaongoza watalii wa kupanda milima. Alikuwa amesikia kwamba mimi pia nilianza kwa kupenda. Akataka kujua kama ni vizuri.

Nilimwambia inalipa.

Alingoja niongeze kitu. Uso wake ulikuwa mchangamfu, na nilitaka sana kumwambia jambo la kweli, ila kila nililolishika lilinitoka kabla ya kufika mdomoni. Mguu wangu ulikuwa juu ya udongo, ukikanyaga. Mwishowe alinishukuru akarudi ndani, na sijui ataamua nini.

Siku hizi sipokei kazi Jumapili. Tukitoka kanisani namsindikiza mke wangu soko la Toi, yeye anachagua mitumba, mimi nabeba mfuko. Anapenda kuchagua bila haraka. Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imenyesha na njia kati ya vibanda ilikuwa tope, watu wanasukumana, wauzaji wanaita bei. Alikunjua gauni moja la bluu, akaliweka kifuani, akaniuliza kama linamfaa. Macho yangu yalikuwa chini, nikingoja tope litikisike.

"Unaangalia nini?" akauliza.

Nikamwambia hakuna kitu. Alishusha gauni, akatazama chini mahali nilipokuwa nikitazama, kando ya kiatu chake. Tope tu. Kisha akausogeza mguu wake.