Safu ya Tatu ya Fundi Thaddée

Fundi Thaddée hakuwa mtu mwema, na ninalisema mapema usije ukamlilia bure. Miaka thelathini na minane alitengeneza boti za mbao pale Kalundu, bandari ya Uvira, ng'ambo ya mahali wapakuaji wanapobeba magunia, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akimweleza mwanagenzi kitu. Alikuwa na maneno mawili tu ya kufundishia: "Angalia. Usiulize." Aliyeuliza alijibiwa na mpini wa nyundo.

Mmoja wa waliouliza alikuwa Gracien, miaka hiyo akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, mwerevu wa kuudhi. Alitaka kujua kwa nini ubao wa mbele humwagiwa maji ya moto kabla ya kukunjwa. Thaddée alimpiga kwenye mkono ulioushika ubao, na vidole viwili vya mwisho vya Gracien havijanyooka mpaka leo. Hakulia. Aliondoka siku hiyohiyo, mjomba wake akamrudisha shuleni, akapata diploma ya Serikali, akaenda Bukavu kutafuta nyingine, tukamsahau.

Mimi ni Sabine, na sina haki ya kujifanya mtazamaji tu katika habari hii. Zamani nilifundisha watu wazima kusoma na kuandika, kwenye ukumbi wa parokia huko Nyamianda. Nilikuwa na akina mama kumi na tisa na mwanamume mmoja. Mwanamume huyo alikaa nyuma kabisa, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, na alikuwa Thaddée. Alikuja miezi minane bila kukosa. Aliwapita wote kwa wepesi wa kushika, na siku alipoweza kusoma jina lililopakwa rangi ubavuni mwa boti ya mshindani wake, alicheka mpaka akina mama wakacheka naye. Nilimpenda siku ile, sioni aibu kukiri. Tena alianza kuuliza maswali, Thaddée huyohuyo wa nyundo! Kwa nini herufi kubwa mwanzoni? Kwa nini nukta mwishoni? Nilimjibu kila swali.

Nilipompa cheti chake alikikunja mara nne, akakitia ndani ya soksi.

"Mama Sabine, uape," aliniambia. "Bantu ba Kalundu bakijua minye nilikuwa naimba a-e-i-o-u pamoja na bamama, batanicheka mupaka kaburini."

Nikaapa. Lilikuwa jambo dogo, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Miaka sita baadaye shirika moja lilijenga kituo cha ufundi Kalundu, vijana wajifunze kushona, kuchomelea vyuma na kutengeneza boti. Mimi nikaajiriwa karani. Katika karatasi zangu za kuomba kazi niliweka orodha ya wanafunzi wangu wote wa parokia, majina ishirini, kuonyesha kwamba nilikuwa na uzoefu. Aliyeipokea orodha hiyo na kuisoma jina kwa jina alikuwa mkuu mpya wa kituo, Bwana Gracien, shati limepigwa pasi, kalamu imeshikwa kwa vidole vitatu.

Palikuwa na nafasi moja ya mwalimu wa boti. Thaddée aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mgongo umemkatalia kubeba mbao, na wateja walikuwa wamehamia kwa mafundi vijana. Bila nafasi ile, yeye na mkewe Apolline wangeishi kwa kuombaomba kwa majirani, na Thaddée hakuwa amejijengea majirani wa kuombwa.

Fomu ilitoka kwa wakubwa wa shirika ikiwa na safu tatu. Ya kwanza ni elimu formelle: shule yenye kengele, benchi, sare na diploma ya Serikali. Ya pili ni non formelle: masomo yaliyopangwa lakini nje ya shule, kama cherehani ya masista au alfabeti yangu ya parokia, mradi uwe na cheti. Ya tatu ni informelle, yaani yote uliyoyaokota maishani, jikoni kwa mama yako, ufukoni, kwa baba yako shambani. Mtu anaweza kujua kitu kwa miaka thelathini na minane kikabaki kimeokotwa. Wa safu ya kwanza na ya pili waliruhusiwa kuwa walimu. Wa safu ya tatu, vibarua.

Waombaji waliketi chumba kimoja, ukutani, wakisikilizana. Thaddée alikuwa amevaa koti la harusi yake. Gracien alisimama kumpokea, akamsogezea kiti, akamwita Papa, yaani baba. Nilifikiri, huyu kijana amesamehe. Upumbavu wangu hauna dawa.

Kisha Gracien akauliza, kwa Kiswahili cha kwetu, polepole: "Papa Thaddée, ulisomaka?"

Asiye wa Uvira hatauona mtego. Kwetu kusoma si kutambua herufi. Kusoma ni kwenda shule, kukaa kwenye benchi, kulipiwa karo. Mtu anaweza kukusomea Zaburi nzima kanisani, ukimuuliza kama alisoma akakujibu hapana, wala hasemi uongo. Gracien alijua hivyo. Tena alijua kwamba fomu yake ilitaka kujua kitu kingine kabisa, yaani somo lolote lenye cheti, na orodha ya majina ishirini ilikuwa kwenye droo yake.

"Hapana," alijibu Thaddée. "Minye sikusomaka."

"Hata kidogo? Hata fasi ingine, mahali popote?"

Thaddée aliwatazama waombaji wenzake ukutani. Mmoja wao alikuwa Chadrack, kijana mwenye diploma ya ujenzi wa nyumba, aliyekuwa tayari anatabasamu. Kisha mzee akanitazama mimi. Yalikuwa macho ya kuniomba, na mpaka leo sijui kama yaliniomba niseme au ninyamaze. Nilichagua lililokuwa rahisi kwangu. Nilijiambia kiapo ni kiapo. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mkubwa wangu.

"Hata fasi ingine," alisema Thaddée.

"Andika, Mama Sabine. Safu ya tatu."

Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu huusifu.

"Informelle njo nini?" Thaddée aliuliza.

Gracien aliweka mkono mezani, vidole viwili vilivyopinda vikielekea kwa mzee. "Njo ile muntu anapata kwa kuangalia, Papa. Bila kuuliza."

Thaddée aliviangalia vile vidole.

Nafasi ilimwendea Chadrack, ambaye angeweza kuchora boti ukatamani kuitundika sebuleni, na hakuwahi kuunda hata moja. Lakini Gracien hakumfukuza mzee. Alimpa kibarua chini ya paa la bati uani: achonge, agonge, azibe nyufa kwa pamba na lami, vijana wamwangalie. Kulikuwa na sharti moja. "Kueleza iko kazi ya mwalimu," alimwambia mbele yetu. "Weye hauko mwalimu. Nikisikia unaeleza, unarudi nyumbani." Thaddée akakubali, kwa sababu nyumbani hapakuwa na unga.

Apolline alipata habari kwa wauza samaki. Alikuja mlangoni kwangu na kile cheti, mikunjo yake minne imechakaa, akakisukuma kifuani pangu.

"Weye ulimufundisha kusoma," alisema, "na weye njo uliandika hakusomaka."

Nilimpeleka kwa Gracien, angalau hilo nililifanya. Gracien alikisoma cheti chote, akasifu mwandiko, akasema majina yameshatumwa Bukavu na mlango umefungwa. Halafu akakikunja mara nne, kwa kufuata mikunjo ileile, akamrudishia.

Mwezi wa pili wa masomo, ubao wa mbele ulipasuka mikononi mwa Chadrack. Akaweka wa pili, ukapasuka pia. Mchoro wake haukusema kitu juu ya maji. Mwanafunzi mmoja, msichana aitwaye Délice, mdadisi kuliko wavulana wote, aliuacha mchoro akaenda kuchuchumaa karibu na Thaddée, aliyekuwa na birika juu ya jiko la makaa na ubao magotini.

"Papa, juu ya nini munamwangiaka ubao maji ya moto?"

Nilikuwa dirishani ofisini, Gracien kando yangu na kikombe chake cha chai. Sote tulisikia. Thaddée aliweka tezo chini. Uso wake ulifunguka, nakuambia, ukawa ule uso wa ukumbi wa parokia. Alikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza maishani alitaka kulitoa. Alilowesha midomo. Akainua kidole kuonyesha nyuzi za mbao.

Kisha akainua macho, akatuona. Gracien alimpungia mkono, kwa adabu, vidole vitatu vimenyooka na viwili vimepinda.

Mzee aliteremsha kidole chake.

"Angalia," alimwambia Délice. "Usiulize."

Msichana alicheka, akidhani anataniwa, akangoja. Alipoona hataniwi alisimama, akapangusa sketi, akarudi kwa Chadrack. Thaddée alichukua birika akaumwagia ubao bila kuutazama, na maji mengi yakaishia kwenye viatu vyake.

Gracien alimaliza chai. Aliniambia nifunge dirisha, vumbi linaingia kwenye makaratasi, nami nikafunga.