Masahihisho ya Hoja ya Saba

Chama chetu cha wafanyakazi wa kodi kimepata mwenyekiti mpya, na mimi ndiye niliyeombwa kuandika maisha yake. Ukurasa mmoja tu, walisema, wa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo chini ya picha yake. Huo nimeshautuma. Unasema alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, na kwamba ana moyo wa kujituma. Hauna neno la uongo, ila ukiusoma humwoni mtu. Huu ninaouandika sasa hakuna aliyeniomba.

Pale ofisini tulimwita Bi Foleni. Kazi yake ilikuwa kaunta namba tatu, kwenye ukumbi wa chini wanakopokelewa walipa kodi. Mtu alikuwa anaingia na karatasi yake ya makadirio, mishipa ya shingo imemsimama, anataka aonyeshwe mkubwa wa hapa ni nani. Baada ya dakika tano na Bi Foleni anatoka akicheka, na kodi ni ileile. Walinzi wa getini walimuulizia hali ya mama yake kila asubuhi. Mama wa chai alimmiminia yeye kwanza. Mimi nilikuwa masjala, chumba cha mwisho kwenye ujia, katikati ya makabati ya chuma na mafaili ya watumishi mia mbili na kitu, na chai ilinifikia ikiwa imepoa. Nilikunywa chai ya baridi miaka kumi na minne.

Niseme wazi kabisa: nilimwonea wivu tangu wiki yake ya kwanza. Si wivu wa mapenzi, nina mke wangu na ananitosha. Ni ule wa kumwona mtu akipewa bure kitu ambacho wewe umekihangaikia mpaka mvi zikaota.

Maana katika hiyo miaka kumi na minne mimi pia ndiye niliyekuwa katibu wa chama. Kila malalamiko ya wafanyakazi yalipita kwenye kalamu yangu. Uhamisho wa ghafla, likizo zinazokataliwa, choo cha ghorofa ya pili, yote niliyaandika kwa heshima na taadhima, aya kwa aya, na wakubwa walinijibu kwa sentensi moja: limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nina faili zima la linafanyiwa kazi. Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Nilitaka siku moja, kwenye foleni ya chai, nisikie mtu nyuma yangu akisema, "Katibu wetu aliwaambia."

Ukafika uchaguzi wa wajumbe watano wa kwenda kuonana na wakubwa, na Bi Foleni akapata kura nyingi kuliko mimi. Hakuwa hata ameomba. Siku ileile nilifanya jambo ambalo mtunza mafaili hatakiwi kulifanya. Nilifunga mlango wa masjala, nikavuta faili lake, nikaanza kutafuta doa. Karipio, utoro, cheti cha kuungaunga, chochote. Nilichokuta ni barua za kuomba ruhusa. Kila Jumanne na Ijumaa anaomba kutoka mapema ampeleke mama yake kwenye mashine ya figo, na hospitali yenye mashine hiyo ilikuwa moja tu, ya mjini kwetu. Nilirudisha faili kabatini kwa kishindo. Yaani hata ugonjwa wa nyumbani kwake ulimfanya aonekane mwema.

Sasa hoja yenyewe. Mwaka mmoja kabla, Mkurugenzi wa Utumishi alikuwa ametoa waraka kwamba viti vya kaunta viondolewe, mlipa kodi ahudumiwe na mtumishi aliye wima, eti ndiyo heshima. Wenzetu wa kaunta wakawa wanasimama kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Miguu iliwavimba. Bi Foleni alificha ndala chini ya kaunta. Kwenye orodha yangu ya malalamiko, viti niliviweka hoja ya saba. Masjala tulikuwa navyo.

Kikao kilifanyika juu, kwenye chumba chenye zulia na viti vya magurudumu. Naibu Kamishna alikaa mbele pamoja na maofisa wawili. Mkurugenzi alikuwa safarini. Nilisimama nikasoma. Niliianza hoja ya kwanza tangu mizizi yake, nikataja nyaraka na tarehe zake, na nilipofika ya tatu Naibu Kamishna alikuwa anasoma simu yake chini ya meza.

"Katibu," akasema bila kuinua uso, "fupisha."

Nikajaribu kufupisha, ulimi ukanikwama, nikakaa. Hapo Bi Foleni akaomba nafasi na kuinuka.

"Keti tu, mama, uzungumze kwa raha," Naibu Kamishna akamwambia.

"Asante, bosi. Nimeshazoea."

Akaanza kueleza habari za ukumbi wa chini, polepole, mikono ameiweka juu ya meza. Akamtaja mwenzetu mwenye mimba ya miezi minane ambaye hupumzika kwa kuegemea mashine ya kuchapia, na mlipa kodi mmoja mzee aliyemhurumia akamletea ndoo ya kukalia. Naibu Kamishna ilimbidi ainue shingo ili amwone.

"Keti basi, dada."

"Niko sawa, bosi. Saa kumi bado."

Mmoja wa wale maofisa akacheka, kisha akaona aibu. Bi Foleni akamalizia kwa sauti ileile ya kaunta: "Huo waraka wa kuondoa viti, bosi, uliandikwa na mtu aliyekaa."

Naibu Kamishna akaisogeza simu yake pembeni, akajitazama alivyokaa, akasimama. Akasema viti vitarudi ndani ya wiki mbili. Miaka kumi na minne yangu, na yeye hakufikisha hata robo saa. Tulipotoka, wajumbe wengine walimzunguka wakimshika mabega, na mimi nikabaki nyuma nakusanya karatasi.

Jumamosi mchana nilikaa mezani nyumbani kuandika muhtasari wa kikao. Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare za watoto.

"Kwani alisema nini huyo dada, mpaka mkubwa akasimama?" akaniuliza.

Nikamwambia. Mke wangu akaweka pasi chini, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Rudia tena," akasema. Nikarudia. Akatoka nje kumsimulia jirani, na kupitia dirishani nikawasikia wote wawili wakivunjika mbavu. Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na tisa, na sikumbuki lini alitoka nje kwenda kumsimulia jirani jambo nililolisema mimi.

Nikashika kalamu nikaandika: *Katibu alieleza kwamba waraka wa kuondoa viti uliandikwa na mtu aliyekaa.*

Mke wangu aliporudi alichungulia juu ya bega langu. "Kwani ni wewe uliyesema?"

"Ni lugha ya kiofisi. Katibu anawakilisha wote."

"Haya," akasema, akarudi kwenye pasi yake. Haya za mke wangu zina aina nyingi, na hiyo naijua.

Jumatatu Naibu Kamishna alitia sahihi muhtasari bila kuusoma, kama kawaida yake. Mkurugenzi aliporudi safari, yeye alisoma.

Viti vilifika asubuhi ya Alhamisi ya wiki ya pili, lori zima. Nilikuwa mlangoni pa masjala nawatazama watu wa kaunta wakijaribisha kukaa na kuinuka, watu wazima wanacheka wenyewe, pale mhudumu aliponiletea bahasha. Nahamishiwa kituo cha mpakani, kwa manufaa ya umma, niripoti ndani ya siku saba. Nyuma ya barua kulikuwa na nakala ya ukurasa wa pili wa muhtasari wangu, na ile sentensi imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nilikaa chini nikaisoma mara tatu. Nilikuwa nimeiba sentensi, nikaletewa na ankara yake.

Saa sita mlango ukagongwa. Bi Foleni. Hakuwa amewahi kufika masjala. Mkono mmoja alishika kikombe cha chai, wa pili alishika muhtasari ulioondolewa kwenye ubao wa matangazo. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutafuta maneno yangu ya lugha ya kiofisi.

"Kaka," akasema, akiniinulia ule muhtasari. "Kumbe ndivyo ulivyo?"

Nikainuka kitini.

"Wewe ndiye unayetunza mafaili. Barua zangu za mama umeziona. Ulijua wakikuta ni mimi niliyesema, wa kwenda mpakani ni mimi, na huko mashine hakuna. Ukaweka cheo chako palipokuwa pangu." Machozi yakawa yanamtoka na hayafuti, maana mikono yote ilikuwa na vitu. "Na mimi nilidhani una kinyongo na mimi. Nisamehe, kaka yangu."

Mdomo nilikuwa nao. Ningeweza kusema, dada, umekosea. Ilikuwa sentensi fupi, fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Badala yake nikapokea kikombe, nikasema, "Ni wajibu tu, dada."

Chai ilikuwa ya moto.

Siku ya kuniaga walijaa ukumbini, na Bi Foleni akasimulia kikao mbele ya watu, akiwa amesimama, ile sentensi akiiacha kinywani mwangu kama muhtasari ulivyosema. Nyuma kabisa nikasikia mtu anamwambia mwenzake, "Katibu wetu aliwaambia." Nililia. Wakasema ona alivyo mnyenyekevu.

Sasa ni mwezi wa saba niko hapa. Masjala ya mpakani ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama malori yanayosubiri kukaguliwa. Mke na watoto wamebaki mjini kwa ajili ya shule. Bi Foleni hunipigia simu kila wiki, haanzi mpaka ameniita kaka, na Jumapili huwatembelea nyumbani. Juzi mke wangu alinieleza kwamba Bi Foleni amewasimulia watoto habari za baba yao, jinsi alivyojitoa kwa ajili ya mama wa mtu mwingine.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilinyamaza. Mtoto wako mkubwa alikuwa amekaza macho hata hapepesi. Ningesema nini?" Kisha akasema, "Mwandikie huyo dada wewe mwenyewe, baba watoto. Mimi haya zangu zimekwisha."

Bi Foleni simwonei wivu tena, au namwonea kidogo tu, pale anapochaguliwa. Ninayemwonea wivu kwelikweli ni yule kaka yake. Yule aliyefungua faili la mwenzake, akaona barua za mama mgonjwa, akaumia, akanyamaza, kisha akashika kalamu akiwa anajua atakachopata. Mwanangu anajivunia mtu huyo. Nadhani mke wangu angependa kukutana naye. Mimi nililifungua faili lilelile, nikazisoma barua zilezile, na siku ile mezani mama yule hakunipitia akilini hata mara moja.

Nimefikiria kupeleka masahihisho ofisini, kama desturi ya mihtasari inavyotaka. Lakini Mkurugenzi bado yupo, na kalamu yake nyekundu anayo. Nikisahihisha, atakayeletwa huku ni Bi Foleni, na mama yake hatamaliza mwezi. Kwa hiyo uongo wangu sasa unafanya kweli ile kazi uliyosifiwa kwayo. Hata hilo si juhudi yangu, na linaniuma vilevile.

Basi, dada, masahihisho haya nayatuma nyumbani kwako, si ofisini. Usimwonyeshe mtu. Yasome ukiwa umekaa, halafu wiki ijayo ukipiga simu utaamua mwenyewe uniite nani.

Ukurasa wa pili, hoja ya saba. Palipoandikwa "Katibu alieleza", pasomeke "Mjumbe wa kaunta namba tatu alieleza". Sababu ya kosa: wivu. Katibu hakuwa amemfikiria mama.