Nati ya Kumi na Nne

Ikupa alikuwa ameolewa miaka kumi na mitatu katika nyumba ile ya Mbeya, na bado hakuwa ameuona uso wa baba mkwe wake. Kofia yake aliijua, kwa kuwa iliwekwa juani kila Jumapili. Mashati yake ya kazi aliyajua zaidi, maana ndiye aliyeyafua, na grisi yake haikutoka hata kwa majivu. Lakini mtu mwenyewe alimjua kwa masikio tu. Kwa Wanyakyusa mkamwana hatazamani na baba mkwe, hamsemeshi, na jina lake halitamki. Akisikia hatua zake hujibanza, akikutana naye njiani huingia majanini. Walimu wa kanisa waliikemea desturi hiyo kila mwaka, na kila mwaka wake zao waliendelea kujibanza.

Ndiyo maana ua wa mianzi uliigawa nyumba ile. Upande huu palikuwa na jiko, Ikupa, na watoto wake, Yotamu na wadogo zake. Upande wa pili palikuwa na karakana ya Isakwisa, baba mkwe mwenyewe, aliyejifunza injini jeshini wakati wa vita. Jailos, mume wa Ikupa, alikuwa mwaka wa nne migodini, na barua zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Spana za mzee ndizo zilizoilisha nyumba, na sasa mjini watu walinong'ona kwamba macho ya mzee yamekwisha.

Asubuhi hiyo Ikupa alikuwa kando ya ua akichambua maharage. Ng'ambo ya mianzi lilisimama gari la Pravin mwenye duka, vani kuukuu ya kabla ya vita. Gasketi yake ilikuwa imeungua, maji yakaingia kwenye oili, na ili kuibadilisha ilibidi silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ivuliwe kwanza. Ilikuwa siku ya tatu. Kichwa hakijatoka.

"Mzee Isakwisa," ilisema sauti ya Pravin, "kaka yangu kule Iringa anasema pale Mlandege kuna fundi Singasinga, hodari sana. Nilivute gari niende?"

"Livute. Kamba ikikukatikia njiani, pale Nyololo, utalala kwa nani?"

Pravin alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

"Hedi nimeimwagia mafuta ya taa, imekataa," mzee aliendelea. "Nimeigonga kwa gogo pande zote, imekataa. Nimerudisha plagi nikazungusha hendeli, ili pistoni zibane hewa na hewa iisukume kutoka ndani. Hata kupumua haikupumua. Imekaa kama shemeji aliyekuja kusalimia."

"Sasa?"

"Sasa tindo."

Mikono ya Ikupa ilisimama ndani ya ungo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amemsikia mzee akiwaambia mafundi wengine kwamba tindo ni chombo cha mwashi. Ukiipigilia kati ya kichwa na bloki, chuma kile cha kalibu, kisichopinda, huchubuka au hupasuka, na kikipasuka hakuna wa kukiunga. Kichwa kingine cha vani kama ile hakikupatikana tena, Mbeya wala Dar es Salaam. Gari la Pravin lingekufa uani pale, mbele ya mji mzima, na wenye malori wote wangejua njia ya Iringa.

Na Ikupa alijua kwa nini kichwa hakitoki.

Mzee alikuwa na mazoea ya kutupia kila nati aliyoifungua ndani ya bakuli la bati. Ting. Kisha kimya, spana ikilalamika, kisha ting nyingine. Mwanamke anayechambua maharage hana pa kuweka akili yake, basi Ikupa alikuwa akihesabu. Vani hii ilikwisha kufunguliwa mara mbili uani hapa, na mara zote mbili bakuli lililia mara kumi na nne. Juzi lililia mara kumi na tatu. Alidhani mzee ameiweka moja mfukoni. Leo aliposikia habari ya hendeli akawa hana shaka tena: kichwa bado kimeshikwa na nati.

Mama mkwe wake, Lusia, ambaye hupeleka maneno kati ya pande mbili, alikuwa shamba hadi jioni. Ng'ambo ya ua nyundo iliokotwa.

"Bwana Pravin!" Ikupa aliita.

Nyundo ikawekwa chini.

"Nani? Mama Yotamu?"

"Ndimi. Tafadhali mwambie mwenye kazi kwamba bakuli lake lina njaa ya nati moja."

Pravin alibabaika. "Mzee, umesikia?"

"Sikusikia kitu," alisema Isakwisa. "Umeambiwa wewe. Sema."

"Lakini umesimama hapahapa!"

"Sema, Pravin."

Pravin akashusha pumzi. "Anasema bakuli lina njaa ya nati moja."

"Muulize amejuaje."

"Mama Yotamu, anauliza..."

"Mwambie lililia kumi na tatu. Gari hili lina nati kumi na nne."

"Kumi na tatu, mzee. Kumi na nne."

Nati zilimwagwa juu ya meza, zikarudishwa bakulini moja moja, na Ikupa alizihesabu tena pamoja naye bila sauti. Kumi na tatu. Kisha akasikia kitambaa kikisugua, kisu kikikwangua, na mzee akipumua kwa nguvu kama mtu aliyeinama sana.

"Hii hapa," Isakwisa alisema polepole. "Nyuma ya bomba la maji. Imevaa grisi na udongo mpaka imekuwa kama sehemu ya chuma." Kisu kikakwangua tena. "Kidole kilipita juu yake."

Hakusema habari ya macho. Pravin naye, kwa heshima yake, hakuuliza.

Spana ikalalamika. Ting.

"Shika hendeli, Pravin."

"Na nguo hizi?"

"Mkeo Daxa atazifua. Zungusha!"

Pravin alizungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ulisikika mguno, kisha mlio kama kizibo kinachong'oka kwenye chupa, na Pravin akapiga kelele kwa Kigujarati. Mzee alipitisha kiganja juu ya chuma. Ikupa aliusikia ule mkwaruzo laini.

"Hakuna hata mchubuko," Isakwisa alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekijua anachokigusa. Kisha, bila kugeukia ua, akaongeza: "Pravin, muulize. Lori la Gulam linalokuja kesho, lina ngapi?"

"Ah! Mimi ni mwenye duka au posta?"

Ikupa hakungoja aulizwe. "Bwana Pravin, mwambie lina ishirini na moja. Na mbili za nyuma hulia nyembamba, nadhani ni fupi."

"Ni fupi," alisema mzee. Akajifuta mikono.

"Mwambie kesho asiende shamba; akae hapo kando ya mianzi na maharage yake."