Kina Bado

Shemeji yangu ni fundi wa fremu, na kama hujawahi kuishi karibu na fundi wa fremu, shukuru Mungu. Kwake kila ukuta umepinda. Akija kunywa chai, hata hajaketi, keshainuka kunyoosha kalenda yako.

Alimwoa dada yangu, mchoraji. Dada akimaliza picha, shemeji alitunga ubeti wa mistari minne, akauandika nyuma yake, kisha akaufunika kwa karatasi ya kaki. "Picha nayo ina mgongo," alikuwa akisema, "na mgongo haukai uchi." Alihesabu mizani kwa vidole hata barabarani, nane kwa nane, watu wakadhani anaongea na majini. Kazi yangu mimi ilikuwa gundi, na kupeleka maneno kati yao, maana saa za kazi hawakuonana. Yeye alikuwa ndani mezani, dada yuko nje kwenye shimo la zamani la kokoto, lililojaa maji, nyuma ya karakana.

Lile shimo ndilo picha yake ya mwisho. Maji ya kijani, matete, ndege mmoja. Siku hiyo dada alinituma nikaulize kama ubeti umekwisha. Shemeji, bila kuinua kichwa, akajibu, "Mwambie kina bado."

Alimaanisha kina cha shairi, zile silabi zinazolingana mwishoni. Nami na mdomo wangu usio na breki, nikatoka, nikasimama chini ya dirisha la meza yake, nikapiga kelele: "Dada! Anasema maji yako kina bado!"

Hayo "maji yako" nimeyaongeza mimi. Sikuambiwa. Dada akaitazama picha, akalitazama shimo. "Kweli bwana," akasema, "kina bado. Chini yake sijapaona." Nikarudi kwenye gundi yangu. Tulipokwenda kumwita kwa chakula cha mchana, brashi zake zilikuwa zinaelea.

Sasa ni miaka tisa. Picha inaning'inia juu ya meza, haiuzwi. Mgeni akiishangaa, shemeji humsomea:

Maji yamelala chini, matete yameinama,
Ndege yuko matawini, jicho lake latazama,
Nani ajuaye ndani, ni wapi maji hukoma,

"Na wa nne?" mgeni huuliza.

"Haujaja."

Hapo mimi hutafuta ufagio. Maana namsikia dada, sauti kavu kabisa, kama yuko mlangoni: kina bado. Namsikia nikifungua bomba. Beseni likianza kujaa, natoka chumbani. Naogopa, na sioni haya kusema naogopa.

Juzi asubuhi shemeji aliniwekea kalamu mbele. "Shemeji, mikono imeanza kunikataa. Wewe ni damu yake. Niandikie mstari wa nne."

"Mimi? Mimi najua gundi tu!"

"Mizani nitakuhesabia."

Nikaishika kalamu. Jamani, ningeandika nini? Sina ndugu mwingine zaidi ya mtu huyu. Akinifukuza, nimekwisha. Lakini uongo mwingine juu ya ule wa kwanza ulinishinda.

"Shemeji, ni mimi niliyemtia majini," nikasema. Nikamweleza neno kwa neno, pamoja na yale mawili niliyoyaongeza, huku nalia kwa hasira, kwa sababu kulia mbele za watu sikupendi.

Shemeji aliishusha picha, akailaza kifudifudi, akachukua kisu akaichana ile kaki. Tangu wiki ya mazishi hakuna aliyeifungua. Nikainama nisome. Mistari ilikuwa minne. Minne! Na wino wa ule wa nne ulikuwa umefifia sawasawa na wa wenzake:

Nilicheka dirishani, nikakuacha wazama.

"Nilikusikia ukipiga kelele," akasema. "Nikajua umekosea. Ningeweza kutoa kichwa tu nikakurekebisha. Nikacheka. Nikasema, neno tamu hilo, maji na shairi, vyote vina kina. Nikainama kulitafutia mahali kwenye ubeti."

"Sasa ulitaka niandike nini?"

"Mstari wowote. Mradi usiwe huu."

Sikuwa na mwingine. Nikajikuta nauhesabu ule wake kwa vidole, kama yeye, silabi moja moja. Nane kwa nane. Haukupungua kitu.