Msomaji wa wafinyanzi wa Ikombe aogopa kitabu cha nane

Saa mbili asubuhi, Ikombe. Wanawake saba wamekaa kivulini karibu na ziwa, udongo magotini, na Tusajigwe peke yake ana mikono safi. Amekumbatia kitabu kipya kilichofungwa.

"Soma basi, Mama Kisa," Anyes anamwambia Tusajigwe, akilainisha mdomo wa chungu. "Sisi tunakufinyangia, nawe umetunyamazia."

Ndiyo desturi yao. Tusajigwe ni mfinyanzi kama wenzake, ila siku ya kitabu yeye husoma kwa sauti, na kila msikilizaji humfinyangia chungu kimoja. Miaka minne sasa wanamfuata Asifiwe, muuguzi wa siku hizi katika hadithi ndefu ya vitabu vingi, aliyepita nyuma ya maporomoko ya maji akatokea enzi za Wajerumani, akampenda mhunzi Ambilikile. Kila kitabu humrudisha zama hizi, kisha mapenzi humvuta tena kule.

"Mwanamke ana karne mbili na hachoki," anatania Bibi Maria. "Mimi hii moja tu imenishinda."

Wote wanacheka. Tusajigwe hacheki.

Hofu yake ilianzia kitabu cha saba. Alipofika mwishoni aliona mtumbwi wa Ambilikile umepinduka ziwani, na mhunzi amekufa maji. Akainua macho, akamwona Anyes ameacha kufinyanga. Mume wa Anyes, Jonasi, alipakia vyungu mtumbwini kwenda upande wa Malawi kabla ya Pasaka. Upepo ukavuma, na hadi leo hajaonekana.

"Mdomo ulikataa," Tusajigwe anamsimulia mwandishi wa habari hii kando, kwa sauti ya chini. "Nikamtoa Ambilikile majini. Nikasema ameokolewa ng'ambo, anaumwa, atarudi. Niliona huruma, mbele sikuona."

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ileile Anyes alisema kama Ambilikile yu hai, basi na Jonasi yu hai. Ndugu wa mume wanataka kumaliza msiba, amewakatalia. Ameuza mbuzi wake, amepata mtumbwi mkuukuu, na juzi alikuwa akiuziba nyufa. Anataka kuvuka peke yake kumtafuta mumewe, na ziwa bado limechafuka.

Tusajigwe amekwisha kukichungulia kitabu cha nane. Kinaanza na Asifiwe akiwa na nguo nyeusi, analia kwenye kaburi lisilo na mtu.

"Nikisoma kilichoandikwa, namzika Jonasi mbele ya mkewe," anasema. "Nikidanganya tena, namzika Anyes. Naogopa, mwanangu. Nikisikia kasia tu, moyo unaruka."

Anarudi kivulini, anafungua kitabu, anakifunga. Anasingizia macho.

"Pole, dada," anasema Anyes. "Nitasikia nikirudi na Jonasi. Jumatatu naondoka. Ndaga, asante sana, kwa kutusomea miaka yote hii."

Tusajigwe anageuka upande wa mlima ili asionekane uso.

Mwandishi alipomuuliza kama habari hii ichapishwe, alikubali.

"Andika," alisema. "Gazeti lenu huchelewa kufika hata pale sokoni Lyulilo. Likifika, nitakuwa nimeshakwenda kwa Anyes. Jumapili, tukitoka ibadani, nitamsomea ule ukurasa wa kitabu cha saba kama ulivyo. Heri anichukie akiwa nchi kavu."